Duka Lililofagiwa Jumamosi

Sijawahi kuipenda Jumatatu. Wenzangu wanaichukia kwa sababu ya usingizi, mimi naichukia kwa sababu ya usafi. Nilikuwa nikifungua mlango wa darasa langu la Gredi ya Pili, huku Kuresoi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya viazi, na kitu cha kwanza kunipokea ni harufu ya samadi mbichi iliyochanganywa na majivu. Sakafu imepakwa upya. Madawati yamepangwa mstari nyuma ya mstari, yote yakitazama mbele. Na kila nilichokuwa nimekitengeneza kwa mikono yangu wiki iliyopita hakipo.

Shule yetu haina ukumbi, na kanisa la jirani halina jengo. Zamani, kabla sijaletwa hapa, wazee wa pande zote mbili walielewana: ibada ya Jumapili ifanyike katika darasa langu, maana ndilo kubwa, nao kina mama wa kanisa walisafishe kila Jumamosi. Mimi mwenyewe husali humo humo. Ningelalamika kwa nani? Mwalimu anayekataa kufagiliwa darasa bure atasemwa mpaka sokoni.

Shida ni kwamba nilikuwa nimetoka semina mjini Nakuru. Mwezeshaji, bwana mmoja mwenye tai, alituonyesha picha za madarasa yenye zulia, rafu za vitabu na kadi zinazometameta, kisha akatuambia sisi tutumie vifaa vinavyopatikana katika mazingira yetu. Maneno hayo huyapenda sana watu ambao mazingira yao yana kila kitu. Lakini nilirudi nimewaka moto, nakiri. Nikashona magunia ya viazi yakawa mikeka ya kona ya kusomea. Nikaokota vizibo vya soda, nikaandika herufi juu yake kwa rangi ya kucha, watoto wakawa wanapanga maneno sakafuni. Nikavuta kamba kutoka dirisha hadi dirisha, nikaning'iniza maneno kwa vibanio vya nguo. Na pale dirishani, juu ya kreti mbili, nikafungua duka.

Lile duka ndilo lililokuwa roho yangu. Nilikunja pakiti za karatasi ya kaki, zote sawa kwa ukubwa, nikazijaza mchanga na kuzifunga. Kila moja niliiandika neno moja: unga, sukari, majani, sabuni, chumvi. Hakukuwa na picha wala rangi ya kumsaidia mtu. Mtoto aliyetaka kuuza ilibidi atazame maandishi, la sivyo mteja aliondoka na sabuni ya kutia kwenye chai, na darasa zima likamcheka. Walilipenda duka hilo kuliko mpira. Watoto waliokuwa wakivua viatu vyao vya gambuti mlangoni kwa kujivuta walianza kugombania nafasi ya kuwa mwenye duka.

Lakini kina mama walipoingia Jumamosi hawakuona duka. Waliona makaratasi, mchanga na vizibo. Niliongea nao, nikaongea tena. Waliniitikia kwa heshima, ndiyo mwalimu, tumesikia mwalimu, na Jumamosi iliyofuata ufagio ukapita vilevile. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Kwao, kuacha vizibo vya soda ndani ya nyumba ya ibada ni kumkosea Mungu adabu, na huwezi kushindana na mtu anayefagia kwa imani. Ikawa kila Ijumaa nalibomoa darasa, nalibeba mgongoni ndani ya magunia yake hadi nyumbani kwangu, mvua inyeshe isinyeshe, na kila Jumatatu nalijenga upya huku nikinung'unika peke yangu.

Aliyeongoza mafagio alikuwa mama mmoja mzee, mpole, mwenye mikono isiyojua kupumzika. Mjukuu wake alikuwa darasani mwangu.

Mtoto huyo ndiye aliyenikosesha raha muhula huo. Alikuwa na sauti nzuri na kichwa kinachonasa kila kitu, na hicho ndicho kilichomponza. Alikuwa amefika Gredi ya Pili bila kusoma hata neno moja, na hakuna aliyejua. Alisikia wenzake wakisoma ukurasa, akaushika wote kwa kichwa, na zamu yake ilipofika aliutiririsha bila kosa, macho yakiwa juu kwenye mabati ya paa. Nami aliniweza kwa wiki kadhaa. Dukani ndipo alipokwama. Pakiti hazina wimbo. Unahamisha chumvi kutoka kreti hii hadi ile, basi, kukariri kote kumekwisha.

Mwanzoni alikataa kucheza. Kisha akakubali kuwa mteja tu. Siku aliyokubali kuwa mwenye duka nilikwenda mwenyewe kununua, nikamwomba chumvi. Mkono wake ukaenda kwenye sukari. Ukasimama. Nikaona midomo ikichezacheza, chu, chu, kisha mkono ukaruka pakiti mbili na kuniletea chumvi. Hakuniangalia mimi, aliiangalia pakiti. Nilitoka nje nikajifanya napenga kamasi.

Wiki hiyo hiyo, Ijumaa jioni, babake akaja. Ni mkulima wa viazi, mtu wa kazi, si mtu mbaya hata kidogo. Msimu wa mvua alikuwa akimvusha binti yake mtoni mabegani hadi ng'ambo. Aliniambia amepata nafasi katika akademia moja ya bweni kule Molo. Watoto wa nduguye wanasoma huko, na wakija likizo wanasoma Kiingereza kama maji. Binti yake naye anarudi nyumbani akisimulia habari za kuuza sabuni.

"Madam, mimi nilileta mtoto asome," alisema. "Duka iko hata kwetu."

Nilimweleza kuhusu chumvi. Nilipomaliza niliona hakuna kilichoingia. Basi nikamwomba jambo moja tu: aje Jumatatu asubuhi kabla ya kupakia viazi, aketi, amwone mtoto akiuza. Akiondoka hajaridhika, ampeleke Molo na baraka zangu. Alifikiria, akakubali. Nilijua wazi nilichokuwa nikipigania. Mtoto alikuwa ameanza kutambaa kwenye kusoma, na huko alikokuwa akipelekwa wangempa kurasa nyingi zaidi za kukariri, kwa lugha nyingine, na hakuna ambaye angegundua kwa miaka.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo sikulibomoa duka. Nilitaka liwe tayari alfajiri. Nilikwenda mwenyewe hadi kwa yule bibi, nikamweleza kuwa mwanawe anakuja Jumatatu kumsikiliza mtoto, nikamsihi kona ya dirishani isiguswe. Tulielewana. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumapili nilikuwa Molo kwa mazishi ya jirani yetu wa zamani, sikufika kanisani. Jumatatu nikafungua mlango.

Dirishani palikuwa na meza ndogo. Juu yake kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kilichopigwa pasi, na juu ya kitambaa chupa yenye maua ya plastiki. Kamba ya maneno haikuwepo. Kreti zilikuwa nje, zimeoshwa, zimeegemezwa ukutani zikauke. Nilikwenda nyuma ya vyoo, kwenye shimo la taka, nikakuta jivu la karatasi na mchanga uliogeuka mweusi.

Niliporudi, bibi alikuwa amesimama mlangoni na mjukuu wake, anasubiri nimshukuru.

"Mwalimu, nilikaa nikafikiria," alisema. "Kijana yangu namjua. Akikuta hizo makaratasi, mtoto ameenda. Nikatoa yote. Hiyo kitambaa ni ya kwangu, ya sebuleni."

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kukaa chini nilie. Lakini utamfokea vipi mwanamke aliyevua kitambaa cha meza yake ili mjukuu asiondolewe shuleni? Alitaka kitu kile kile nilichotaka mimi. Nikasema asante, gogo, kama tunavyowaita bibi huku.

Nilikuwa natafuta karatasi ya kaki nikunje hata pakiti tatu, lakini lori lilikuwa limeshasimama barabarani na babake anaingia, udongo wa shamba kwenye gambuti. Alilitazama darasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema sasa hapa panaeleweka. Bibi akanitupia jicho la ushindi. Nilianza kueleza kwamba vifaa havipo, nikaomba anipe muda kidogo, akanikatiza kwa upole kwamba dereva anamngoja. Kitabu si kipo? Asome kitabu.

Mtoto akakifungua. Akaanza mara moja, sauti yake ile nzuri, macho juu ya mabati: habari za ng'ombe wa babu, maziwa, ndama, malisho. Hakukwama popote. Uso wa babake ukafunguka kama mlango. Bibi alikuwa akifuata kwa midomo. Nami nilisimama hapo nikiwa na aibu ya ajabu, maana nilikuwa nikiomba moyoni aendelee hivyo hivyo, amdanganye tu, abaki.

Kisha akatazama chini.

Haukuwa ukurasa wa ng'ombe. Alikuwa amefungua mwingine kabisa. Mwezi mmoja nyuma jambo hilo lisingemshughulisha, lakini dukani alishafundishwa kwamba neno lililoandikwa halikubali kuwa unachotaka wewe. Akanyamaza katikati ya ndama. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Ma... ma," akasema. "Mama. A-na. A-na-pi..."

Ilichukua muda mrefu, na kila silabi niliisukuma kwa kifua changu. Alirudi nyuma, akaruka, akakosea, akajisahihisha. Lori likapiga honi. Mama anapika mboga. Mboga hazina, akasema, na hapo hakutafuta wala hakukata vipande, "chumvi." Akainua macho kunitazama mimi, si babake.

Sikujizuia kucheka. Nilipogeuka, uso wa yule baba ulikuwa umefungwa tena.

"Umeona, madam," alisema kwa huzuni. "Ameanza vizuri, halafu ikamtoka."

Nilimwambia hapana, ni kinyume. Kule mwanzoni alikuwa anaimba tu, kusoma ni huku alikokwama. Nilimwonyesha ukurasa, nikamwonyesha kwamba hamna ng'ombe hata mmoja. Nilisema haraka mno, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikifanana na mtu anayetetea kazi mbovu.

"Kwa hivyo akisoma mbio hajui, akikwama ndiyo anajua?"

Nikasema ndiyo. Ndivyo ilivyo hasa.

"Mimi sina shule mingi," akasema. "Lakini kukwama najua."

Alinipa mkono, akanishukuru kwa kazi, na alimaanisha. Mtoto alipelekwa Molo kwenye nafasi yake, kabla muhula haujaisha. Bibi alikuja kunifariji na mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu. Aliniambia tulijaribu. Niliyanywa maziwa hayo nikiwa na hasira na kila mtu: na yeye, na mwanawe, na bwana wa tai mjini, na wazee walioelewana bila kuniuliza. Hasira hasara, wanasema, lakini hasara ilikuwa imeshatangulia.

Likizo ya kwanza alikuja kanisani. Walimpa nafasi asome Neno kwa Kiingereza. Alisimama mbele, soksi nyeupe, Biblia imefunguliwa mikononi, na maneno yakatoka kama maji, kweli kama maji. Watu walipiga makofi, bibi akapiga vigelegele, babake aliinamisha kichwa kuficha furaha. Mimi nilikuwa kwenye dawati la nyuma, dawati la watoto wangu, magoti yamenifika kifuani. Mwanzo hadi mwisho macho yake yalikuwa juu ya mabati.

Baada ya ibada alinipita mlangoni, akarudi.

"Tichaa, duka bado iko?"

Nikamwambia iko. Haikuwepo, pakiti nilizokunja upya zilikuwa nyumbani kwangu ndani ya gunia, lakini nilisema iko.

Akatazama dirishani, kwenye kile kitambaa cheupe, kisha akasema polepole, kama mtu anayeogopa nitambishia:

"Chumvi nilikuwa najua."