Mikono ya Mama na Mbao za Plastiki

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mtu akinigusia mama yangu ndiyo kabisa. Lakini kiangazi kile nilipomzaa binti yangu, hasira hazikunisaidia kitu. Nililia tu.

Mama alikuja kwangu Mtendeni, hapa Tabora mjini, kutoka kijijini Puge kunilea uzazi. Kwetu mama mzaa mama ndiye anayemwogesha mtoto, anamkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpikia uji. Mume wangu alikuwa ametandika kibaraza kipya cha mbao za plastiki, zile zilizochanganywa na unga wa mbao, ambazo mchwa hawezi kuzila. Mchwa wa Tabora unawajua mwenyewe. Majirani walikuja kuzishangaa, na mimi, sitaficha, niliringa.

Asubuhi nilikuwa nakaa mwisho wa kibaraza, kwenye benchi la chuma, mtoto apate jua. Mama akatoka jikoni akiburuta ndala zake, maana magoti yalikuwa yanamsumbua, akanyoosha mikono ampokee mjukuu. Pa! Kitu kikalia kati ya kidole chake na shavu la mtoto. Mtoto akapiga ukelele.

"Hee! Kameniuma haka!" mama akasema, tukacheka.

Kesho yake ikawa vile vile, na siku zilizofuata. Hewa ilikuwa kavu hata midomo inapasuka. Kila mama akimshika mtoto pale kibarazani, mtoto analia. Nikimshika mimi, kimya. Nikaita fundi umeme. Akapitisha testa yake ukutani, kwenye benchi, kwenye kila waya. "Nyumba yako salama, mama. Hapa hakuna shoti."

Laiti angenyamaza! Jirani yangu alikuwa amekaa palepale. Akamtazama mama, akatazama macho yake mekundu, halafu akaaga bila kumaliza chai.

Macho ya mama ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni, maisha yake yote jikoni. Lakini sisi wa huku tunajua neno la uchawi linaishia wapi. Kikongwe mwenye macho mekundu akishasemwa kwamba mikono yake inaunguza watoto, hawamwogopi tu. Wapo waliofuatwa majumbani kwao kwa mapanga kwa maneno mepesi kuliko hayo. Na Puge mama anaishi peke yake.

Jirani akawa anamtupia shikamoo kutoka barazani kwake, mbali, na watoto wake hawakuonekana tena kwetu. Mama si mjinga. Siku moja nikamkuta anakunja vitenge vyake.

"Nirudishe nyumbani, mwanangu."

"Huendi popote! Neno lenyewe litakufuata hadi huko, nani atakulinda?" Nilimfokea, mama yangu mzazi, huku machozi yananitoka. Nilimwomba Mungu, nikamlaumu Mungu, na nikawa sijui nimshike nani shati.

Nikatoka nje kwa hasira. Nilivaa ndala za mama, maana ndizo zilizokuwa mlangoni, nikaziburuta kibaraza kizima kama mtu anayetafuta ugomvi. Nikashika benchi. Pa! Nikaruka. Nikarudi, nikaburuta tena, nikashika. Pa! Nikazivua, nikaenda peku polepole. Kimya. Nikazivaa tena. Mwenye kuniona angesema uzazi umenipanda kichwani.

Nikaenda kwa jirani, nikamshika mkono. "Twende."

"Kuna nini, jamani?"

"Vaa hizi. Buruta miguu. Haya, shika benchi."

"Mama yangu weee!" Akaruka karibu aanguke uani.

"Umeona? Na wewe sasa ni mchawi? Niambie! Ni mbao hizi na ndala, na ukavu huu! Nenda kawaambie wote uliowaambia yale mengine!" Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia, na nilitaka usikie. Jirani alimwendea mama mlangoni, akapiga magoti, akatoa shikamoo kwa heshima. Mama akaitikia marahaba.

Nikamwagia mbao zile maji ndoo nzima. Nikamwambia mama aache ndala jikoni. Moyo wangu ukawa mweupe, nikaona yamekwisha. Nikamchukua mtoto, nikampelekea.

Mama hakunyoosha mikono. Alikuwa ameificha ndani ya kitenge.

"Mama, si umeona mwenyewe? Ni mbao."

"Nimeona."

"Basi mpokee."

Alimtazama mtoto usoni.

"Na mdogo wako yule aliyenifia mikononi, nikiwa namnyonyesha, je?" akauliza. "Puge tulikuwa na sakafu ya udongo, mwanangu."