Pipa la Maji Moto la Biharwe

Nimeanza kuandika habari hii mara tatu na mara tatu nimechana karatasi, kwa sababu kila mara nilijikuta nimejifanya mwema kuliko nilivyokuwa. Shule yangu iliishia darasa la tano. Kama mpangilio si mzuri, angalau nijaribu kusema haki.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashua kwetu Kongo, kwenye ziwa Tanganyika. Tulipokimbia vita mwaka wa tisini na sita, mama alimwambia abebe sufuria kubwa. Yeye akabeba chuma chake cha kuzibia, kipande kama patasi butu, cha kusukumia pamba katikati ya mbao ili mashua isiingize maji. Mama hakumsamehe ile sufuria. Nakivale, kambi ya wakimbizi ya huku Uganda tulikofikia, kuna ziwa pia, lakini wavuvi wa huku walikuwa na mafundi wao, na baba hakuitwa hata siku moja. Alilima mahindi na maharage kama sisi wote, tena vibaya. Miaka zaidi ya kumi na tano chuma kilikaa juu ya ukuta kimefungwa kitambaa. Alitaka jambo moja tu, na alilisema mpaka tukachoka kulisikia: aitwe fundi tena kabla hajafa.

Mimi nilikuwa napata vibarua vya useremala mjini Mbarara. Ndivyo nilivyomfahamu tajiri mmoja Mwislamu, muuza mabati na misumari, aliyejenga nyumba ya magogo ya kalitusi, yaani mikaratusi, katika bustani yake Biharwe, nje kidogo ya mji, ya kupangisha wageni. Wageni waliipenda, ila jioni kule kuna baridi, wakawa wanauliza kama hakuna fasi ya kukaa ndani ya maji moto. Akanionyesha picha kwenye simu: pipa kubwa la mbao kwenye baraza, watu wanne ndani yake, maji hadi mabegani, na jiko la kuni pembeni.

"Unaiweza?"

Nikasema baba yangu anaiweza. Mpaka leo sijui kama nilisema hivyo kwa ajili yake au kwa kuogopa kusema mimi siwezi.

Baba alikuja amevaa koti. Tajiri akamsalimia vizuri, akamwambia, "Fundi, mimi nataka kitu kimoja tu, lisivuje." Nilimwona baba akigeuza uso kidogo aliposikia lile neno la kwanza.

Mbao za mvule tulizikata na kuzichonga kingo mshazari ili zikutane kwa duara, mimi na baba. Mikanda ya chuma na jiko vilitoka kwa mchomea vyuma wa mjini, na kazi yake ilikuwa safi, lazima niseme. Askari wa getini, Munyankore, mwenyeji wa palepale, mwenye maneno mengi, alikuwa anakuja kutuangalia.

"Nyinyi Bakongo, hii sufuria mutapika nani?"

"Tutaanza na wewe," baba akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini uko mukavu sana. Hauko na mafuta."

Askari alicheka hadi akaketi chini. Siku hiyo alituletea chai. Baba sikuwa nimemsikia akitania tangu nikiwa mtoto.

Siku ya Jumanne tulianza kuziba. Kwetu mashua inazibwa kwa pamba iliyochovywa kwenye mawese, mafuta mekundu ya michikichi. Mawese yanaganda katikati ya mbao, maji ya ziwa hayapiti, na kila mwaka unaziba upya. Baba alikuwa amenunua chupa mbili za mawese kwa mama mmoja Mukongo sokoni Base Camp, kule Nakivale. Asubuhi ile yalikuwa yameganda, hayatoki. Akaniambia niziweke juani. Nilikaa nazo pale kwenye majani nikiangalia yanavyolegea, kutoka pembeni kuja katikati, na ndipo wazo likaja: jua tu linayeyusha hivi. Na jiko?

Nikampelekea chupa. Nikasema, "Baba, ile maji itakuwa ya moto."

"Maji ni maji. Kama pamba inakataza maji ya ziwa kuingia, itakataza ya hapa kutoka." Kisha akaniangalia. "Ama umekuwa fundi ya mashua?"

Sikuendelea. Kwetu mtoto hamrudishii baba yake chuma mkononi, yaani hamsahihishi kazi. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Mimi pia sikuwa na hakika. Na utotoni aliwahi kunipiga vidole na kile chuma kwa kuziba vibaya, tena si mara moja. Nimejiuliza kama kuna upande wangu uliotaka kuona yeye akikosea. Sipendi kuandika hivyo. Nimeandika.

Tulipomaliza tulijaza pipa maji ya baridi, likakaa siku tatu bila tone. Tajiri akalizunguka akigusa mbao, akasema ataonyesha wenzake wenye bustani, kila mmoja atataka la kwake. Baba alipitisha kiganja juu ya ukingo, akasema neno moja: "Imefunga."

Jumapili mchana jiko likawashwa. Baba aliweka mkono majini kila baada ya muda mfupi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kwanza yakaja miviringo midogo ya rangi ya machungwa juu ya maji. Halafu nyuzi za pamba. Halafu tukasikia maji yakidondoka barazani, hapa, na pale, na pale, mpaka yakawa yanateremka yenyewe kwenye magogo ya nyumba na kuyaachia michirizi myekundu.

Askari alikuwa amesimama nyuma yetu. "Muzee," akasema, "sasa mafuta umepata."

Naamini alitaka kutuchekesha. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaenda kuleta matambaa bila kuambiwa.

Tajiri hakupaza sauti. Aliuliza tu nani aliyechagua mafuta. Nikasema, "Tulichagua wote."

"Hapana," baba akasema. "Ni miye. Huyu hajui kitu ya mashua."

Huenda alinikinga. Huenda alinitukana. Nimeyapima maneno hayo miaka mingi na pande zote mbili zinalingana. Tajiri alitulipa siku zetu zote, akatupa na chakula, akamwita baba "mzee" wakati wa kuagana. Baadaye alileta pipa la plastiki kutoka Kampala.

Nyumbani baba hakuweka chuma juu ya ukuta. Alikiacha mlangoni, na mama akaanza kukitumia kupasulia makaa.

Ilipita kama miezi minne. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na baba tu, nikamwambia kwamba nilijua mawese yatayeyuka.

Mikono yake ikasimama. "Ulijua siku gani?"

"Jumanne. Nilipoweka chupa kwa jua."

Nilidhani atanipiga, na ningefurahi.

"Jumanne," akasema, "tulikuwa hatujaziba hata upande moja."

Akachukua gunzi lingine. Mama alikuwa nje anapasua makaa, tukamsikiliza mpaka akamaliza.