Kamlima ka Mabanga, na kwa nini Nafula alichagua university ya serikali

Wakuu, niaje.

Kuna uzi hapa juu, mtu anauliza mbona wanafunzi wanakimbilia university za serikali na zile private ziko na lifti na vyoo vya kung'aa. Mmejibu vizuri. Wengine mmesema fees, wengine jina, mmoja akasema ni chakula ya mess. Huyo ni mtu wetu kabisa.

Mimi niliishia darasa la nane. University naijua kutoka nje ya geti, na hata hapo askari alinikazia macho.

Lakini kwa hii maneno niko na jibu, na ni ukweli mtupu. Nikidanganya, hii computer ya cyber ijizime kabla nimalize.

Bado inawaka. Tuendelee.

Kabla pikipiki zijae, nilikuwa boda ya baiskeli Bungoma. Kiti ya abiria nilikuwa nimeiweka sponji na kitambaa ya maroon, nyuzi zinaning'inia pande zote kama pazia ya sitting room.

Breki ndio haikuwa. Nilikuwa nasimamisha na slippers. Ndio maana pale stage, mahali boda tunangojea abiria, jina yangu ilikuwa Breki. Watu wa Bungoma ni wabaya bana.

Sasa, kulikuwa na huyu msichana, Nafula. Tulikaa desk moja shule ya Mabanga kutoka darasa la nne. Mimi nikapita vizuri, yeye akapita vizuri. Yeye akaenda high school, mimi nikaenda stage. Sitaki kueleza hapo sana, nyumbani kwetu ilikuwa vile ilikuwa.

Akamaliza form four, barua ikakuja. Ameitwa university ya serikali, asomee ualimu.

Kwa wale hawajui: ukiitwa hiyo ya serikali, hauendi kesho. Unaitwa, halafu unaambiwa ngoja. Karibu miaka mbili uko nyumbani, barua iko chini ya godoro, majirani wanaanza kuuliza kama kweli uliitwa. Lakini ukiwa na pesa ya private, unaingia hiyo mwaka.

Nafula akangoja. Akapata kazi ya kufundisha primary moja upande wa town, ile ya mwalimu hajasomea. Na nani alikuwa anambeba kila asubuhi?

Si ni mimi.

Sasa niwaambie kitu ya kazi yetu. Kwa baiskeli, abiria anaona mgongo yako tu, na wewe haumuoni kabisa. Huwezi ongea vizuri. Unapiga kelele kwa upepo, yeye anajibu "eeh?" mpaka mnachoka.

Mahali ya kuongea ni mlima. Mkifika mlima abiria anashuka, wewe unasukuma baiskeli, mnatembea sambamba kama watu. Mkifika juu anapanda tena.

Kati ya kwao na town kulikuwa na kamlima kamoja. Wakuu, hiyo haikuwa mlima. Ilikuwa kama barabara imefura shavu. Nilikuwa nabeba gunia ya mahindi hapo nikipiga mluzi.

Lakini Nafula akiwa nyuma, tukifika hapo nilianza kuhema kama ng'ombe ya jembe. "Mwalimu, shuka kidogo, leo miguu haiko."

Anashuka. Tunatembea.

Karibu miaka mbili, miguu yangu haikuwa.

Hapo ndio nilisoma high school yangu. Alikuwa ananiambia vitu amefundisha jana, mimi namuuliza maswali ya kijinga, anacheka, halafu ananijibu kama nimeuliza kitu ya maana. Kwa nini mwezi haianguki. Kwa nini Wazungu walikuja na meli na sio na miguu.

Na mimi kwa roho nilikuwa nimeshajua kwa nini amechagua kungoja. Alikuwa anangoja kwa sababu yangu. Niliambia stage yote. Walinicheka lakini niliona wivu kwa macho yao, ama ilikuwa vumbi.

Siku moja baba yake akatoka Kitale. Wako na shamba huko, yeye ndio anailima, familia inakaa Mabanga. Nikambeba kutoka stage. Na mtu akiona mgongo tu, anasema kila kitu. Ni kama kuongea na ukuta.

Mzee akaniambia amepata mtu ya kununua nusu ya shamba. Anataka Nafula aende private, mwaka huu, asikae nyumbani akizeeka. Lakini msichana ni mgumu.

Halafu akasema, "Kijana, wewe ndio unambeba kila siku. Mwambie akubali. Wewe atakusikia."

Nikamwambia sawa baba.

Wakuu, sikumwambia.

Siku ya kwanza nikasema kesho. Kesho yake kulikuwa na matope. Siku ya tatu nilikuwa na kikohozi. Nilibeba hiyo maneno wiki mbili, na ilikuwa nzito kuliko abiria wote nimewahi beba. Kwa sababu nikimwambia na akubali, ataenda. Nikinyamaza, kesho asubuhi atakuwa kwa mlima.

Mwishowe ilinishinda. Tukiwa hapo, mimi nasukuma, yeye amebeba viatu kwa mkono, nikamwambia. Nikamwambia pia ni wiki mbili nimekaa nayo.

Hakukasirika. Alicheka mpaka akasimama.

"Papa ameniuliza mara tatu," akasema. "Nimekataa mara tatu. Ulifikiri wewe ndio posta?"

Nikamuuliza kwa nini. Na nilivuta shati kidogo, wakuu, kwa sababu nilikuwa najua jibu.

Akaniambia hivi, na sijawahi sahau:

"Breki, hiyo shamba ndio inatulisha. Nyuma yangu kuna wadogo watatu. Nikiikula peke yangu, wao watakula nini? Na ile ya serikali si mbaya, masomo ni ile ile. Ni kungoja tu. Mimi naweza ngoja."

Sikuwa hapo ndani. Nilitafuta jina yangu kwa hiyo jibu yote, mbele na nyuma. Haikuwa.

Tukatembea kidogo. Halafu akanigeukia akaniuliza, "Na wewe? Kama ungeitwa, ungechagua gani?"

Wakuu, mimi nimeulizwa vitu mingi. Nimeulizwa bei, nimeulizwa breki iko wapi. Hiyo hakuna mtu alikuwa amewahi niuliza. Hata mwalimu. Hata mama, na mama ananipenda.

Nikasema, "Ile iko karibu na hoteli ya chapati."

Akacheka kidogo. Lakini aliendelea kuniangalia, kama anangoja jibu yenyewe. Nikasema tumefika juu, panda.

Mwaka ikaisha. Siku yake ya kwenda ikafika. Nilifunga sanduku yake kwa handlebar na mpira, godoro ikatangulia na boda ingine, yeye akakaa kwa ile sponji ya maroon mara ya mwisho.

Tukafika kwa kamlima. Nikaanza kuhema, ile yangu ya kawaida.

Akasema nyuma yangu, polepole, "Leo usinishukishe. Panda."

Nikapanda. Na sanduku mbele, na yeye nyuma. Nilipanda hiyo kitu mpaka juu na sikuhema hata mara moja.

Juu akasema, "Ulikuwa unaweza siku zote."

"Na wewe ulikuwa unajua siku zote?"

"Na bado nilikuwa nashuka," akasema.

Wakuu, sikugeuka. Kwa baiskeli huwezi geuka, utaanguka. Na yeye aliona mgongo tu. Hiyo siku nilishukuru Mungu kwa hiyo.

Siku hizi niko Kitale na naendesha pikipiki ya mtu. Ni kazi nzuri. Iko na breki mbili. Inapanda mlima yoyote, hakuna mtu anashuka, hakuna mtu anaongea. Nafula anamaliza karibuni. Wale watatu wako shule, na shamba iko, nikipita barabara hiyo naiona. Mwaka huu mahindi imekubali.

Somo nimepata: mtu akichagua ile ya bei nafuu, usikimbilie kusema hana uwezo. Pengine anahesabu watu wako nyuma yake.

Sasa nyinyi mliosoma, niambieni: nani alikuuliza ungechagua gani, na ulimjibu aje? Andikeni, nitasoma zote, hata zile ndefu. Matusi pia leteni, mimi ni mtu wa stage.

Mimi jibu yangu imechelewa tu. Ningechagua ile ya serikali.

Ile ya kungoja miaka mbili.