Mti wa Kaloli Kule Machinjioni

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyewa na ndege kabla sijaonyeshwa kiti. Profesa, mkuu wa idara ya wanyama pale chuo kikuu, alikuwa amenipeleka moja kwa moja machinjioni, chini ya mti mkubwa uliojaa viota vya kaloli, yule korongo mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Tope jeupe likanitua begani, na gauni lenyewe la kuazima! Profesa hakucheka. Alinipa leso yake akasema, "Karibu. Sasa umesajiliwa."

Nyinyi vijana mnaohesabu ndege kwa simu nawaonea wivu, lakini kidogo tu. Enzi zile za utawala wa jeshi wahadhiri wengi walikuwa wameshaihama nchi, sukari tuliisikia kwa majirani, na mtu mwenye darubini alihesabiwa jasusi. Darubini yetu niliibeba kikapuni, chini ya majani ya ndizi. Na tusidanganyane, mimi niliajiriwa kwa ajili ya ulimi wangu. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, nimelelewa kambini, na Kiswahili cha askari nilikijua kabla ya kujua kusali. Profesa, Muganda wa vitabu, akimwona askari Kiswahili chote kilimkimbia.

Tulitafiti kaloli na riziki za watu: nani anakula nini pale machinjioni, na je, ndege na binadamu wanagombana? Asubuhi nilihesabu viota. Mchana nilishika hojaji, yaani maswali yale yale kwa kila mtu, nikawauliza akina mama waliosafisha matumbo na kwato wakaziuze sokoni Kalerwe. Mkubwa wao, Mama Zubeda, swali langu la kwanza alilijibu kwa swali: "Nyabo, bibi wee, umekula?" Kumbe hakukuwa na ugomvi wowote. Kilichowashinda akina mama, kaloli walikimaliza, na uwanja ukabaki safi.

Vifaranga tuliwavisha pete za rangi miguuni ili tuwatambue wakikua. Tulichosahau, na vitabuni tulikisoma, ni kwamba jua likiwaka kaloli hujinyea miguu makusudi apate kupoa. Lo! Pete zote zikawa nyeupe pe, nyekundu huijui wala buluu. Profesa aliketi chini akacheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko kilitukauka siku Meja alipokuja. Huyu ndiye aliyesimamia nyama ya kambi, naye aliegesha gari lake jipya chini ya mti wetu. Aliporudi lilikuwa na rangi ya zile pete.

"Nyinyi watu ya chuo!" akanguruma. "Hii ndege yenu nanyea gari ya serikali! Mti hii nakata!"

Profesa akanitazama mimi. Mti ukianguka, vifaranga wamekwisha, utafiti umekwisha, na mshahara uliowalisha wadogo zangu umekwisha.

"Afande, samahani," nikasema. "Lori za taka za mji zimekufa zote, spea hakuna. Hao ndege ndio wanaofagia hapa. Mti ukienda, na wao wanaenda."

"Waende! Nani alibembeleza wao?"

Bahati yetu msumeno haukupatikana; hata misumeno siku zile ilikuwa ya magendo. Basi akaamuru askari wapige madebe na risasi hewani. Kaloli wakubwa wakaruka wote, vifaranga wakabaki viotani. Nililia waziwazi, sikujali nani ananiona.

Hazikupita siku tatu, uwanja ukaoza. Inzi wa kijani wakahamia bwalo la maofisa, na wateja wakamkimbia Mama Zubeda. Meja akaja mwenyewe, leso puani.

"Binti, ambia Profesa aite ndege yake irudi."

Nilipomtafsiria, Profesa alikohoa, Kiswahili kikamjia ghafla: "Afande, sisi tunajua kuhesabu tu. Kuita hatuwezi."

"Lakini wakiukuta mti upo na kelele hakuna, watarudi wenyewe," nikaongeza.

"Na kama hapana rudi?"

"Basi Afande, utatugawia sote mafagio, nawe uchukue moja."

Sijui ulimi wangu uliponyokaje. Alinikazia macho mpaka jasho likanishuka nyayoni. Kisha akacheka, tumbo zima likatikisika. "Koplo! Wewe nalinda mti. Mtu akigusa, kamata. Ndege akinyea, vumilia!"

Kaloli walirudi mmoja mmoja. Vifaranga si wote walionusurika, ila wengi. Na yule Koplo, kijana mwembamba wa kwetu kaskazini, aliichukua kazi kwa moyo wote.

"Nani huyo?" alinikaripia kila asubuhi.

"Mimi, wa kuhesabu."

"Hesabu sawasawa. Kuna moja imeingia jana bila ruhusa."

Serikali ile ilipoanguka, askari wa kaskazini wakawa wanasakwa mitaani. Mama Zubeda alimvua Koplo magwanda, akamfunga aproni, akamketisha katikati ya mabeseni ya matumbo. Wasakaji walipouliza, aliwajibu bila kuinua macho: "Huyu mwanangu. Alilinda mti wetu, nanyi mnataka kumfanya nini?" Wakaenda zao.

Baadaye nilihamishiwa kwa wavuvi ziwani, chini ya Mkurugenzi Msaidizi aliyekula samaki wa utafiti, kisha kwa wachoma mkaa msituni, chini ya Daktari aliyeogopa siafu. Kote nilianza kwa kuuliza watu wanakula nini. Mengine hufuata.

Walipoandaa karamu ya kuniaga nikistaafu, mkuu mpya wa idara, kijana mwenye tai, aliniuliza mbele ya wageni: "Mama, katika utafiti wote ule, ulipata matokeo gani ya kudumu?"

Nikamnyooshea kidole mzee mmoja mwenye upara, aliyekuwa anamalizia nyama kule nyuma.

"Yule pale. Mpaka leo nikiamka mapema kando yake ananiuliza, nani huyo?"