Milango Iliyotazama Bonde

Mtaa wetu wote wa Bunia ulikuwa umeligeuzia bonde mgongo. Nyumba zilitazama barabara, vumbi na malori, na kule nyuma, kijito kilikopita, watu walitupa majivu na maganda ya ndizi. Nilikuwa nimesomea ujenzi Kisangani, na kila nilipotazama bonde lile nilikasirika. Udongo mweusi namna ile, na watoto wanacheza kwenye takataka!

Nikachora plan. Kila parsele, yaani kiwanja cha mtu na nyumba yake, ingetoboa ukuta wake wa nyuma na kuweka mlango wenye kibaraza, na bonde lingekuwa la wote: majani ya kukalia, miti ya avoka, matuta ya mchicha tunaouita lengalenga, mahali pa kufulia. Sharti lilikuwa moja, milango isitiwe kufuli. Mtu akipatwa na jambo, aingie kwa yeyote.

Wakanicheka. Nani atoboe ukuta wakati kila mtu anasema vita iko njiani? Ila jirani wa ng'ambo ya bonde, mwalimu niliyemwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri, alichukua nyundo.

"Dada, tuanze na kwangu," alisema. "Watu wakiona, watafuata."

Wakafuata kweli. Furaha ya mwaka ule sijaipata tena. Jioni watu wa makabila yaliyokuwa yakiuana vijijini walikaa pamoja kwenye majani, wakila mahindi ya kuchoma na kubishana juu ya mpira. Mama yangu, ambaye nyonga ilimsumbua na masikio yalikuwa mazito, alipenda kibaraza cha yaya kwa sababu ya jua la asubuhi. Yaya alimletea chai pale.

Vita iliingia mjini asubuhi, wakati wa mvua nyingi. Risasi zilitoka upande wa barabara. Waliokuwa wakiingia walikuwa watu wa kabila la yaya, kwa hiyo kwake hakuna ambaye angetugusa. Nilimshika Mama mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukavuka bonde.

Nilisukuma mlango wake wa mbao. Ukafunguka kama kawaida. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Matofali, toka chini hadi juu. Niliyapapasa kama kipofu. Udongo ulioyaunganisha ulikuwa umekauka, umepauka, umeanza hata kupasuka. Mimi ni mjenzi, na wakati wa mvua udongo haukauki upesi. Alikuwa ameziba siku nyingi, akauacha mlango pale nje ili tusijue. Ndiyo maana chai ilikuwa ikizunguka na kuja kwa kichochoro cha kando ya nyumba yake. Alituambia amefuga mbwa mkali uani, tusifungue mlango, nasi tukamwamini. Alinisaliti huku akimkorogea mama yangu sukari.

Niligonga kwa ngumi. "Yaya! Ni siye! Niko na Mama!"

Ndani mtu alikohoa. Kikohozi kile cha vumbi la chaki nilikijua.

"Gonga tena, mutoto yangu," Mama alisema. "Pengine hakusikia."

Niligonga hadi vidole vikatoka damu. Kichochoro kilitokea barabara ya upande wake, mbele ya nyumba, na huko nako walikuwa wakiua. Tulilala kifudifudi kwenye matuta ya lengalenga, mvua ikatunyeshea kutwa nzima, na milio ilipopungua tukafuata kijito hadi kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege. Baridi ile ilimwingia Mama kifuani na haikutoka. Alifia chini ya turubai. Kila alipoomba alimtaja yaya: Mungu amulinde, masikini, hakutusikia yule. Nilishindwa kumwambia ukweli.

Mji ulipotulia tulikutana sokoni, yaya na mimi. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Dada, ile asubuhi vita ilitushitukiza. Tulijenga ule ukuta mbio mbio, risasi zinalia."

Nilimtazama. Nilikumbuka udongo ule mkavu, uliokwisha kupasuka.

"Na Mama? Iko wapi?"

"Alikufa kambini," nilisema. "Alikuombea mpaka mwisho. Aliamini hukusikia."

Akavua kofia. Niliona mabega yake yakilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Aksanti, dada," alisema. "Aksanti sana."