Programu Iliyouzwa Pamoja na Maneno Yetu

Kwa miaka kadhaa nilizunguka cité, mtaa wetu wa Musonoi, nikiwahubiria wachimbaji wa madini: msitie kidole cha wino kwenye karatasi msiyoisoma. Nilikuwa na shahada, na sauti ya mtu mwenye shahada. Hapa tumezoea kuamka na kukuta shimo limeuzwa, uzio umesimama, na mlinzi mgeni anatuuliza tunatafuta nini.

Kwa hiyo, kwa nililolifanya, sina pa kujificha.

Mkunga wa zahanati ya cité alikuwa na kompyuta moja. Nilimwekea programu ya kutunza rekodi za wajawazito, ya bure na ya wazi: kila mtu aliruhusiwa kuitumia, kuichungulia ndani, kuibadilisha. Haikuwa na Kiswahili. Msimu mzima wa mvua tulikitia, Kiswahili cha wamama wa Musonoi, si cha redio. Mkunga alinisahihisha neno kwa neno, akinicheka kwamba chuo kikuu hakikunifundisha mtoto anavyokaa tumboni. Nilipowatumia watengenezaji wa programu kazi yetu, likatokea andiko refu la kisheria. Nikabonyeza «Nakubali». Sikusoma hata mstari mmoja.

Mwaka jana kampuni kubwa iliwanunua watengenezaji wale, ikabadilisha leseni. Toleo jipya halikuwa la wazi tena. Mimi, mpenda maendeleo, nililipakua mara tu lilipotoka, nikafuta la zamani. Tulilitumia wiki mbili bila shida, kisha asubuhi moja mkunga akawasha kompyuta. Ikamkaribisha kwa maneno yake mwenyewe, kisha ikamwambia alipe kwanza. Nyuma ya kufuli hilo walikuwa wanawake wake wote, wakiwemo waliopasuliwa kwa uzazi uliopita, wasiopaswa kujifungua mbali na daktari.

Ndipo nikasoma lile andiko. Liliwapa haki ya kufanya watakavyo na kazi yetu. Nilitukana kwa Kifaransa mpaka msamiati ukaniishia. Watu ambao hawajawahi kukanyaga vumbi letu walikuwa wanauza jinsi mama wa Musonoi anavyotaja maumivu yake, na kibali niliwapa mimi.

Mkunga alinisikiliza, mikono kiunoni.

«Tata prof, kumbe na weye ulitia kidole.»

Ndipo akauliza swali ambalo shahada yangu haikuuliza:

«Na ile ya zamani, nayo baliuzisha?»

La, hiyo hawakuweza kuiuza na kuifunga. Toleo la zamani lilitolewa kwa leseni ya wazi, na ruhusa iliyokwisha kutolewa hivyo hairudishwi. Ila mtandaoni sikulipata tena. Lilibaki mbali, Mutshatsha, kwenye zahanati isiyofikiwa na mtandao, ambako nilikuwa nimemcheka muuguzi kwa kutumia kitu kilichopitwa na wakati. Nikaenda, makalio yakiumia juu ya pikipiki, flashi mfukoni.

«Si ulisema siye tuko nyuma?» aliniuliza muuguzi. Alininakilia polepole kuliko ilivyohitajika.

Toleo la zamani lilifungua rekodi zote hadi siku niliyolifuta. Wiki mbili zilizofuata, zilizoandikwa kwenye toleo jipya, zilikosekana. Mkunga akavuta droo, akatoa daftari. Kumbe hakuwahi kuacha kuandika kwa kalamu, ingawa nilimkataza. Alikuwa akilificha kila nikiingia.

Alinisomea majina, nikayachapa. Kwa wawili alisimama na kuyarudia, kwa kuwa nao walikuwa wamewahi kupasuliwa. Siku hizi daftari linakaa mezani, kando ya kompyuta, na mimi silisemi vibaya tena.