Jina Ambalo Baba Hangeweza Kuliandika

Kwa muhula mzima, katika chumba cha walimu pale Machakos, nilikuwa mtu wa hotuba moja. Chai ikimiminwa tu, naanza: nchi moja imeshika mitambo ya dunia nzima, barua zetu, picha zetu, hata ramani ya kutupeleka Kyumbi tunakokujua tangu utotoni; siku ikiamua kufunga, tumekwisha. Nilikuwa nimesikia redioni mataifa mengine yakilalamika, nikayabeba malalamiko yao yote kama yangu. Wenzangu walinivumilia. Mwalimu wa hesabu alisema nikimaliza kuikomboa dunia nimpitishie sukari.

Kisha simu ya mama ikatumbukia kwenye tangi la maji.

Mama anaishi Wamunyu. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago, na banda lake lilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni, lakini tangu tuwanunulie simu aliacha kuita kwa sauti, akawa anamtumia mama ujumbe wa kusikiliza. Alipofariki ulibaki ujumbe mmoja. Mingine mama alikuwa ameifuta ili apate nafasi ya nyimbo za kwaya, na hajajisamehe. Huo mmoja aliusikiliza kila asubuhi kabla ya kukamua. Nami nilikuwa nimemwapia kwamba hauwezi kupotea, umehifadhiwa kwenye wingu la mtandao. Alitazama juu, kweupe pe, jua la Wamunyu likiwaka, akaniuliza wingu gani.

Jumamosi nikaenda nyumbani na simu mpya. Tuliketi barazani kuifungua akaunti yake, na mara mama akaanza kuongea Kiswahili. Sisi nyumbani ni Kikamba tupu, lakini aliona si adabu kumteta mgeni kwa lugha asiyoijua. Mgeni mwenyewe alikuwa simu.

"Waambie ni mimi," alisema. "Hata wanaweza kuniangalia."

Hawakumjua. Nenosiri lilikuwa limesahaulika, na nambari iliyosajiliwa ilikuwa ya baba, nayo ilishafungwa. Lilibaki swali moja la usalama: mama yako anaitwa nani?

Nilicheka. Nikaandika jina la ubatizo la bibi yangu, mamake mama. Kosa. Nikaandika lake la Kikamba. Kosa. Kwa Kiswahili safi kuliko changu, mtambo ukatuarifu kwamba tumebakiza jaribio moja, kisha akaunti itafungwa kabisa.

Hapakuwa na dirisha la kubisha wala karani wa kuamkia, wala chifu ambaye angeweza kutuandikia barua kwamba mama huyu tunamjua. Sauti ya baba ilikuwa ng'ambo, kwa watu ambao hawakuwa hata na sababu ya kutuchukia. Niliogopa sana. Na kwa kuwa nikiogopa huwa nafundisha, nilianza kumweleza mama hatari ya nchi moja kumiliki habari za dunia.

"Sawa, hao wako na makosa," alinikatiza. "Lakini hii fomu ilijazwa na nani?"

"Baba."

"Na wewe ni mwalimu mzima! Baba yako angetaja jina ya mama mkwe?"

Kwetu mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake. Ni heshima tunayoiita nthoni, na baba aliishika kwelikweli. Akimwona bibi anakuja, alikuwa akiacha njia na kuingia kichakani, hata akiwa na mzigo. Nami nilitarajia mtu huyo aliandike jina la bibi kwenye mtambo wa wageni, kwa kidole chake mwenyewe!

"Sasa alikuwa anamwitaje?"

"Mwaitu. Si ndio mimi pia nilikuwa namwita."

Mwaitu ni mama tu, kwa Kikamba. Niliandika herufi moja moja, nikabonyeza.

Ikafunguka.

"Waliuliza mama anaitwa nani, wakaambiwa anaitwa mama, wakakubali," mama alisema. "Na hawa ndio unasema wameshika dunia?"

Niliutafuta ule ujumbe, nikaongeza sauti, na baba akasikika barazani, amekereka kama kawaida yake, nyundo ya mtu mwingine ikigonga nyuma yake. Anauliza patasi yake ndogo imewekwa wapi. Anasema ametafuta mpaka amechoka.

Mama alimsahau mgeni.

"Iko nyuma ya mlango," alimjibu baba kwa Kikamba, kisha akainuka kwenda kuhakikisha.